Fundi tujibu: Nimebadili betri mwenyewe, sasa simu inajizima kila dakika 3

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Tanga, nina iPhone XR niliyoletewa na shemeji yangu kutoka Dubai. Betri ilichoka kabisa, ikifika asilimia 30 simu inazima, nikaagiza nyingine Kariakoo ikaja kwa basi nikaibadilisha mwenyewe huku naangalia video. Iliwaka vizuri nikafurahi, ila tangu siku hiyo kila baada ya kama dakika 3 inajizima na kujiwasha yenyewe, chaji imeganda palepale haipandi haishuki, halafu kuna meseji inasema betri haitambuliki. Mmoja kaniambia niflashi, yaani nifute na kuweka upya programu ya simu, mwingine anasema bodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa niuze spea. Humo ndani kuna picha za marehemu mama na sijazihifadhi popote. Naomba msaada.

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na kabla ya yote usiflashi, nakuomba. Ukiflashi picha za mama zinafutika na ugonjwa unabaki palepale, kwa sababu huu si ugonjwa wa programu. Hizo dakika 3 unazopata kila ikiwaka zinatosha kuhamishia picha kwenye kompyuta kidogo kidogo, ishirini, thelathini, inazima, inawaka, unaendelea. Anza na za mama, hata ikikuchukua siku mbili. Zikishakuwa salama ndio turudi kwenye bisibisi.

Sasa hiyo meseji ya betri kutotambulika iache pembeni, sio inayokuzimia simu. Kuanzia XR na XS betri ina kachipu kake kanakojuana na bodi, ukiweka nyingine hata kama ni nzima simu inakwambia haiijui na inaweza kukuficha ile asilimia ya afya ya betri, basi, matumizi hayabadiliki.

Tatizo lako liko kwenye hizo dakika 3, na zina maana yake. Ndani ya iPhone kuna programu inayolinda joto, kazi yake ni kusoma vihisi vya simu na kutoa taarifa kwamba mambo yako sawa, ikikosa kusoma kihisi kimoja inashindwa kutoa taarifa, sekunde 180 zikipita simu inaona kuna hatari inajizima. Kwa hiyo bodi yako haijafa, kuna kihisi tu haikioni, na uzuri ni kwamba yenyewe inaandika ni kipi. Ingia Settings, nenda sehemu ya Privacy, shuka chini mpaka Analytics, fungua Analytics Data, tafuta faili linaloanza na panic-full la leo. Ndani kuna maandishi mengi ya kutisha, wewe tafuta tu palipoandikwa missing sensor, yaani kihisi kinachokosekana, halafu soma jina linalofuata.

Ukikuta TG0B, hicho ni kihisi cha betri yenyewe, na kwa jinsi chaji yako ilivyoganda nadhani ndicho utakachokuta. Maana yake umeme unapita lakini taarifa za betri hazifiki kwenye bodi. Zima simu, fungua, chomoa soketi ya betri, angalia kwa lenzi na tochi kama kuna pini imelala au kipande cha gundi kimeingia, safisha kwa spiriti isiyo na maji, acha ikauke, chomeka tena mpaka usikie kile kimlio kidogo. Ikirudia, chomeka betri yako ya zamani kama haijavimba wala haijatoboka. Ikikaa dakika 10 bila kuzima basi mbovu ni hiyo mpya, irudishe dukani. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote na hakina gharama.

Ukikuta mic1 (maikrofoni) au PRS0 (kihisi cha mgandamizo wa hewa) hapo ni habari nyingine, hivyo viko kwenye mkanda wa chaji kule chini, tunaouita fleksi, na watu wengi wanaukwangua pale wanapoinyanyua betri kwa nguvu gundi ikigoma. Hapo unabadilisha fleksi, betri haina kosa.

Ukifungua tena zingatia hili kwa moyo wote: betri inachomolewa ya kwanza na kuchomekwa ya mwisho. XR ina kioo cha LCD chenye taa nyuma yake, ukichomeka kioo huku betri ina umeme unaweza kuunguza njia ya hiyo taa, simu inatetema, inaita, lakini kioo giza, ukimulika tochi unaona picha kwa mbali. Nimepokea simu za hivyo nyingi na huwa inaniuma, maana mwenyewe alikuwa amebakiza hatua moja tu. Skrubu nazo zipange kwenye karatasi kama zilivyotoka, hazilingani urefu, ndefu ikiingia shimo la fupi inaweza kukata njia za bodi na hapo kweli utauza spea.

SWALI: Mimi dada wa Mwanza, nimejiwekea betri kwenye Samsung, kila kitu sawa ila chaji inaruka, iko 40 mara 15.

JIBU: Dada yangu hiyo mara nyingi simu bado haijaizoea betri mpya. Chaji mpaka 100 uiache saa moja zaidi, tumia mpaka izime yenyewe, kisha chaji tena mpaka ijae bila kuiwasha. Fanya hivyo mara moja au mbili, isiwe tabia, kuimaliza kabisa kila siku kunaichosha. Ikiendelea kuruka huenda betri haina ujazo ulioandikwa juu yake, idai dukani. Ila ukiona mfuniko wa nyuma unanyanyuka au simu inakuwa ya moto hata ukiwa huitumii, usiichaji tena hata kidogo, usiibonyeze wala kuitoboa, iweke nje kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka upate fundi wa kuichukua.