Ukiona Maua, Uliza Mbegu

Vijana wapya wakifika kitaluni, swali lao la kwanza huwa idadi. Wanataka kujua tuna miche mingapi ya mti huu na mingapi ya ule, kama mtu anayehesabu kuku bandani. Siwalaumu, maana hata wafadhili huuliza hivyo hivyo. Lakini kwa mimea iliyo hatarini kutoweka, idadi inaweza kukudanganya mchana kweupe, na sijui kisa kinachoonyesha hilo vizuri kuliko cha café marron wa Rodrigues. Wewe uliyeanza kazi hii juzi, kaa kidogo tukipitie.

Rodrigues ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi, kilomita za mraba 108 hivi. Kiko chini ya Jamhuri ya Morisi, lakini ukitoka Morisi yenyewe una zaidi ya kilomita 500 za maji kuelekea mashariki kabla hujakifikia. Café marron, ambao kitaalamu ni Ramosmania rodriguesii, ni wa familia moja na kahawa, una maua meupe yenye umbo la nyota, na kwa asili haupatikani popote pengine duniani. Misitu ya kisiwa ilifyekwa, mbuzi wakala kilichobaki, mimea vamizi ikajaza nafasi, na wataalamu wakauandika kwamba umetoweka. Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa kisiwani aliwapa wanafunzi kazi ya kutafuta mimea ya asili. Mwanafunzi mmoja akarudi na tawi ambalo hakuna aliyelitarajia. Ulikuwa mmea mmoja tu, umesimama karibu na barabara, na haukupatikana wa pili.

Hapo watu wengi hudhani kisa kimefika mwisho mwema. Kwa mtu wa kitaluni ndiyo kwanza kinaanza.

Nianze na jambo dogo linaloua miche mingi kuliko magonjwa: palizi. Mche wa café marron haufanani na mzazi wake hata kidogo. Majani yake ni membamba na marefu, ya kahawia yenye mabaka, ukiyatazama haraka utadhani yamekauka. Mmea ukishapata kimo ndipo unapotoa majani mapana ya kijani. Maelezo yanayotolewa ni kwamba zamani kisiwa kilikuwa na kobe wakubwa pamoja na ndege mzito asiyeruka, jamaa wa dodo, na mche uliofanana na kitu kilichokufa haukuvutia mdomo wa yeyote kati yao. Kobe wale na ndege yule wameangamizwa siku nyingi. Mche bado unajificha. Mimea mingi ya Morisi, Réunion na Rodrigues ina tabia hii. Sasa fikiria kibarua aliyeambiwa asafishe trei. Kwake kila cha kahawia ni uchafu. Kwa hiyo usimpe mtu yeyote palizi kabla hajaonyeshwa mche wa kila aina ukiwa na majani mawili, manne na sita. Picha zibandikwe pale pale mezani, zisikae ofisini.

Jambo la pili ni majirani. Habari za mmea ule zilipoenea Rodrigues, watu walianza kuvunja matawi yake, kwa kuwa uliaminika kuwa dawa ya magonjwa ya zinaa na ya kichwa cha pombe ya jana. Ukawekewa uzio. Watu wakaingia. Uzio ukaongezwa juu ya uzio. Kwa maoni yangu uzio peke yake ni tangazo: unamwambia mpita njia kwamba ndani kuna kitu cha thamani. Sisemi usiweke, mbuzi hawasikii maneno. Nasema kabla ya kununua waya, nenda kakae na yule anayeutumia mmea huo, umuulize anachukua sehemu gani, majira gani, na akiukosa anatumia nini badala yake. Mara nyingi mbadala upo na unaota kwa urahisi. Mgawie miche yake bure. Utakuwa umepata mlinzi asiyelipwa mshahara.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka 1986 vipandikizi vilikatwa kwenye ule mmea mmoja vikasafirishwa kwa ndege hadi bustani ya mimea ya Kew, London. Kimoja kikatoa mizizi. Kutoka hicho wakapata vingine, na vingine tena, na baada ya muda kukawa na café marron kadhaa ndani ya nyumba ya vioo, wenye afya, wanaochanua karibu mwaka mzima. Mgeni angeangalia angesema mmea umeokoka. Lakini hakukuwa na tunda hata moja. Maua yalifunguka, yakaanguka, yakafunguka mengine, miaka ikapita.

Elewa vizuri jambo hili, maana ndilo linalotofautisha kazi yetu na ya muuza maua. Kipandikizi ni kipande cha mmea ule ule. Ukiwa na miche 100 iliyotokana na mama mmoja kwa kukata matawi, una mmea mmoja uliosambazwa kwenye vyungu 100. Ugonjwa ukiuweza mmoja utaiweza yote. Na kama mama ana kasoro ya uzazi, kasoro hiyo umeizidisha mara 100. Ndiyo maana nasema ukiona maua usipige makofi bado. Uliza mbegu iko wapi.

Aliyekitatua kitendawili cha Kew ni Carlos Magdalena, mtunza bustani kutoka Hispania, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chavua, ule unga wa kiume wa ua, ilikuwepo ya kutosha, lakini ikiwekwa juu ya stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike inayoipokea, haikupita. Ua lilikuwa kama limefunga mlango. Alichofanya ni kukata ncha ya stigma kwa kisu na kuiweka chavua moja kwa moja kwenye jeraha, akarudia kwa ua baada ya ua, na akahamishia mimea mahali penye joto zaidi. Baada ya majaribio mengi likashika tunda. Ndani yake mlikuwa na mbegu chache, na miche iliyotokana nazo ilipochanua, baadhi ilitoa maua ya namna nyingine, yanayopokea chavua bila kulazimishwa. Ndipo ikaeleweka kwamba ule mmea mmoja uliobaki ulikuwa ukifanya kazi kama dume. Ulikuwa hauna mwenzi. Mbegu zilipoanza kupatikana kwa wingi, nyingine zikarudishwa Rodrigues kuoteshwa huko huko.

Watu wakisimulia kisa hiki hukazia kile kisu. Mimi naona kisu ni sehemu ndogo. Jambo kubwa ni kwamba mtu alilikagua ua badala ya kulisifia. Kwa hiyo mmea wako usipozaa, fanya hivi. Chukua ua moja lililofunguka asubuhi, lipasue katikati kwa wembe kutoka juu hadi kwenye kikonyo, uliweke chini ya lenzi. Je, chavua ipo, inatoka ukiigusa kwa brashi? Stigma ina unyevu au imekauka? Mle chini, kwenye ovari, mfuko ambamo mbegu huundwa, kuna vijiyai vinavyogeuka mbegu? Rudia mchana, rudia jioni, rudia kesho yake kwa ua lililozeeka. Ukishajua, funika machipukizi ya maua kwa kipande cha chandarua ili wadudu wasikuharibie hesabu, uchavushe kwa mkono, na ufunge uzi wa rangi tofauti kwa kila njia unayojaribu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza joto, ukabadilisha mbolea na saa ya kuchavusha kwa mkupuo, tunda likishika hutajua la kushukuru.

Andika pia yaliyoshindikana. Daftari lenye mafanikio tu ni barua kwa mfadhili, halimsaidii atakayepokea zamu yako.

Lebo nitazipitia haraka kwa sababu kila mtu anadhani anazijua. Wino hufutwa na jua, tumia penseli. Kwa mmea utakaokaa miaka, kata bati la kopo la soda, uandike kwa ncha ya msumari. Jina la mmea halitoshi: weka namba ya mama, tarehe, na kama ni mbegu au kipandikizi. Chungu kisicho na namba ya mama kitoe kwenye hesabu, hata kiwe kizuri namna gani.

Si kila mmea wa kisiwa kimoja umekwama pale ulipokwama café marron. Mpapindi wa Pemba, ule wa jamii ya minazi unaoonekana msitu wa Ngezi, nao hauna kwao kwingine, lakini unazaa mbegu wenyewe. Kule suala ni msitu wenyewe, na ukifika na kisu na brashi watu watakucheka. Tafuta kwanza mmea wako umekwama hatua gani: kuchanua, kuchavushwa, kushika tunda, kuota, au mche kunusurika na mifugo. Nimeona pesa nyingi zikimwagwa kwenye hatua ambayo haikuwa na tatizo.

Na wiki zako za mwanzo usiombe kugusa kilicho adimu. Omba kahawa. Ni ndugu wa café marron, ipo, na ukiharibu kumi hakuna atakayelia. Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo haitakufundisha sana. Tafuta robusta, ile ya Kagera, kwa kuwa mti wa robusta hauzai kwa chavua yake wenyewe. Mvua zikiita maua, wahi, yanadumu siku chache tu. Funika matawi mawili kabla hayajachanua, kisha moja ulipake chavua ya mti huo huo, jingine uliletee ya mti wa mbali kidogo. Baada ya wiki kadhaa tawi la kwanza litakuwa limedondosha karibu kila ua, la pili limeshika punje. Matunda yakiiva, menya, uzipande mbegu zingali mbichi, maana kahawa ikikaa sana ghalani hupoteza uhai. Ukishaniletea trei ya miche hiyo, kila mmoja na namba ya mama na ya baba, nitakukabidhi ufunguo wa banda la ndani.