Mpika Bia wa Nyumbani Huacha Lini Kuwa Mwanagenzi?

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minneapolis, Marekani. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipika bia nyumbani, lita 19 kila mara, na hadi sasa nimepika mara 14, zote kwa kimea cha rojo kinachouzwa kwenye makopo. Rafiki yangu anayetumia punje za shayiri anasema kwamba nitabaki mwanagenzi mpaka niyaache makopo hayo. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, ingawa rafiki yako ana hoja kidogo. Anayeanzia kwenye punje huziloweka katika maji ya nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi ili wanga ugeuke sukari, na kwa kuchagua joto hilo huamua bia yake iwe nzito au nyepesi, wakati wewe kazi hiyo umekwisha kufanyiwa kiwandani. Hata hivyo, bia nyingi huharibika baadaye, hamira ikishatiwa, na hapo ninyi nyote mko sawa.

Kipimo changu ni kingine. Ipike upya bia uliyoipenda kuliko zote: ikitoka kama ile ya kwanza, au ikitoka tofauti nawe ukaweza kueleza sababu, basi wewe si mwanagenzi tena.

Mimi sikuwa nimefika hapo katika mpiko wangu wa tisa. Niliona mapovu yamekoma kutoka kwenye kizibo cha maji, nikadhani bia imekwisha kuchachuka, nikaijaza kwenye chupa pamoja na sukari ya kuitia gesi. Wiki ya pili, usiku, chupa tatu zilipasuka kabatini, na asubuhi niliokota vigae hadi ndani ya viatu. Kumbe chumba kilikuwa kimepoa, hamira ikalala huku sukari ikiwa bado imo, na joto liliporudi ikaamka ndani ya chupa zilizofungwa. Haidromita, yaani kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, ingenionya, lakini nilikuwa nimeiacha kwenye droo. Kipimo chake kikibaki kilekile kwa siku tatu mfululizo, ndipo bia hujazwa. (Wapika mbege, pombe ya ndizi ya Uchagani, hawana haidromita, lakini nao hawafungi mbege yao kwenye chupa.)

Kwa baridi ya huko kwenu, jambo hili lina uzito zaidi. Hamira nyingi za bia ya aina ya ale hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 20 za Selsiasi, na kwa kuwa bia inayochachuka hujipasha joto yenyewe, bandika kipimajoto kwenye chombo, usiamini kile cha ukutani. Vivyo hivyo, bia ikinuka siagi, mwanagenzi hulaumu kopo, ilhali mzoefu hujiuliza kwanza kama aliiondoa mapema mno juu ya hamira yake.

Fungua daftari lako la mipiko hiyo 14. Kama huna daftari, lianze kwa mpiko wa 15, kwa kopo lilelile.