Swali: Kula msaada ulioletwa na jeshi la makafiri baada ya janga, inafaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Juzi barazani tulikuwa tunaongelea tsunami ya Aceh, kule Indonesia, ya Desemba 2004, mwenzetu mmoja akasema Waislamu wa kule walikosea kupokea chakula cha wanajeshi wa Marekani, ati wakati uleule wako Iraq wanapiga Waislamu, bora ufe njaa. Ni kweli? Na zakaa yetu twaweza kuwapa wasio Waislamu waliokumbwa na mafuriko?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hasira za huyo mwenzenu juu ya Iraq nazielewa kabisa, ila kumhukumia mtu mwingine afe njaa wakati wewe una kikombe cha kahawa mkononi, hiyo hapana. Aceh walikufa na kupotea zaidi ya watu laki moja na nusu, barabara ya pwani kwenda mji wa Meulaboh ikakatika, madaraja yakabebwa na maji, lori halipiti, kilichobaki ni helikopta. Zile za manowari ya Marekani, Abraham Lincoln, zikawa zinatua popote penye uwazi, watu wanazikimbilia upepo wa mapanga ukiwapiga usoni, askari wanashusha mchele na maji. Sasa mama aliyebeba mtoto pale amuulize kwanza rubani dini yake?

Allah katika Al-Baqara aya ya 173 kamsamehe aliyelazimika hata kwa nyamafu na nguruwe, seuze mchele na maji ambavyo asili yake ni halali, aliyebeba havigeuzi kuwa haramu. Na Mtume (s.a.w.) safari ya Hijra alimkodi Abdallah bin Urayqit amuonyeshe njia naye ni mushrik, yaani roho yake kaiweka mikononi mwa mtu yule wakati Makuraishi wanamsaka! Katika vita vya Hunayn tena akaazima deraa, yaani mavazi ya chuma ya vitani, kwa Safwan bin Umayya kabla hajasilimu.

Lenye sharti ni hili, msaada usiwe mlango wa kutawaliwa wala wa kuwatoa watu kwenye dini yao, na hilo wa kulilinda ni viongozi sio mwenye njaa kambini. Indonesia walijitahidi hapo, Wamarekani waliposhuka nchi kavu walitakiwa wasibebe bunduki, na serikali ikataka majeshi ya nje yawe yameondoka ifikapo Machi 2005. Na kushukuru mushukuru tu, hadithi iko kwa Abu Daud, asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Kumshukuru aliyekupa maji si kumuunga mkono kwa ya Iraq.

La zakaa, jamhuri ya wanazuoni, yaani wengi wao, wanasema haipewi asiyekuwa Muislamu, isipokuwa wale wa kuzoeshwa nyoyo, yaani wanaopewa ili nyoyo zao zielekee Uislamu, na wako waliolipanua hilo. Sadaka ya kawaida wapeni bila wasiwasi, someni Mumtahina aya ya 8. Kwa hiyo mkichangisha hapo msikitini wekeni maboksi mawili, la zakaa mbali na la sadaka mbali, na muyaandike kwa herufi kubwa, maana zikishachanganyika hakuna wa kuzitenganisha tena.

Wallahu aalam.