Mpenzi asipojibu meseji nachanganyikiwa, ni sababu nililelewa na bibi?

SWALI: Nimelelewa na bibi, wazazi walikuwa wanakuja na kuondoka. Sasa mpenzi wangu akikaa masaa matatu hajajibu meseji napaniki kabisa. Yeye anasema kwao hakuna mambo ya kuulizana uko wapi kila saa. Nimesoma kwamba aliyekosa mama utotoni mapenzi yatamsumbua maisha yote, ni kweli?

JIBU: Hapana dada, na hilo la "maisha yote" ndo linaniudhi zaidi. Hayo uliyosoma yanatoka kwenye nadharia ya atachimenti, yaani namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, iliyoanzishwa na John Bowlby, Mwingereza, na kweli mwanzoni alimkazania sana mama, lakini mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipofuatilia watoto 28 Uganda kuanzia 1954 alikuta wengi wameshikamana na watu wengine wa nyumbani pia. Kwa hiyo bibi anahesabika, tena sana, kama ulikuwa ukilia anakuja. Mi ningeangalia zaidi hao wazazi wa kuja na kuondoka, maana mtoto asiyejua mtu wake atarudi lini anajifunza kukaa macho, na huo ukaaji macho ndo unaouona leo kwenye simu. Utafiti wa kuoanisha haya na mapenzi ya watu wazima ulitoka 1987, sio jambo geni.

Sasa utamaduni. Mwaka 1988 zilikusanywa tafiti za jinsi watoto wanavyoshikamana na mama toka nchi 8, ikaonekana tofauti ndani ya nchi moja ni kubwa kuliko kati ya nchi na nchi, kama mara moja na nusu hivi. Kwa hiyo "watu wa kwao wako hivyo" sio jibu la kutosha. Ila Japani watoto wengi walilia kupita kiasi wakati wa kipimo cha tafiti hizo, ambapo mama anamwacha mtoto kidogo kwenye chumba kigeni kisha anarudi, na maelezo yanayokubalika ni kwamba hawakuzoea kuachwa na mama hata dakika chache, yaani kipimo chenyewe kilikuwa kikali kwao. Nanyi mko hapo hapo: kwao ukimya ni amani, kwako ukimya ni mtu ameondoka.

Usimwambie abadilike, mwombe kitu kidogo tu, akiwa bize aandike "nitakutafuta usiku" afu akutafute kweli. Jipe mwezi. Akifanya, utaona hofu inapungua yenyewe hata akichelewa. Akikucheka au akakuita msumbufu kila ukiomba, basi hapo tatizo sio bibi yako wala kwao.