Kabla ya Kuuliza Bei ya Hewa Ukaa, Uliza Tani Imehesabiwaje

Vijana wanaoanza kazi katika biashara ya hewa ukaa, wawe wametoka darasa la uchumi au la misitu, aghalabu huanza na swali moja: tani ya hewa ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, inauzwa kiasi gani? Ni swali halali, lakini ninawasihi mliweke kando katika miezi yenu ya kwanza, kwa sababu bei ya tani haina maana mpaka mjue tani hiyo imehesabiwa na nani, imelinganishwa na nini, na kama hakuna mwingine aliyekwisha kuihesabu.

Jambo hili nililijifunza jikoni. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa jedwali la mradi wa majiko banifu, nikazidisha idadi ya majiko yaliyogawiwa kwa kiasi cha kuni ambacho kila jiko lilitarajiwa kuokoa, nikapata jumla nzuri ya tani za hewa ukaa zilizozuiwa, na hakuna aliyeipinga. Miezi michache baadaye tulikwenda vijijini kukagua. Katika nyumba ya tatu mama mwenyeji alitukaribisha ndani, akatuonyesha jiko lake: lilikuwa limeegemezwa ukutani, safi kabisa, ndani yake amehifadhi vitunguu, na hatua mbili kutoka hapo maharage yalikuwa yakichemka juu ya mafiga matatu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, hili ni zuri kwa chai. Sufuria ya watu tisa haikai hapo." Katika jedwali langu jiko hilo lilikuwa linaokoa kuni kila siku ya mwaka. Tulirudi, tukahesabu majiko yanayopikiwa kweli, na tani zikapungua sana. Tangu siku hiyo sipitishi hesabu ya mradi wowote kabla ya kujua nani aliyekwenda kuona kwa macho yake.

Sasa elewa kwamba sokoni kuna tani za aina mbili, na wageni wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kibali cha kutoa hewa ukaa. Serikali huweka ukomo wa jumla, hutoa vibali vinavyolingana na ukomo huo, na kila kiwanda hutakiwa kurejesha kibali kimoja kwa kila tani iliyotoka kwenye bomba lake. Tuseme kiwanda cha umeme kinaweza kupunguza tani kwa Euro 20, na kiwanda cha saruji hakiwezi chini ya Euro 80. Kibali kikiuzwa kwa Euro 50, cha umeme kitapunguza zaidi na kuuza vibali vinavyobaki, cha saruji kitanunua, na kila kimoja kitakuwa na nafuu ya Euro 30 kwa tani ilhali ukomo haukuguswa. Hapo ndipo faida ya soko ilipo: kazi hufanywa na yule anayeweza kuifanya kwa gharama ndogo. Aina ya pili ni hati ya kaboni inayotokana na mradi, kama ule wa majiko. Hapa hakuna ukomo. Kuna makadirio ya kile ambacho kingetokea kama mradi usingekuwapo, na hati moja hutolewa kwa kila tani ya tofauti kati ya makadirio hayo na hali halisi. Kibali hupimwa kwenye bomba, lakini hati hupimwa dhidi ya jambo ambalo halikutokea, na kwa hiyo inahitaji ukaguzi mkali zaidi.

Hata vibali havikupata heshima yake kwa siku moja. Soko la Umoja wa Ulaya lilianza mwaka 2005, na katika kipindi cha kwanza nchi wanachama ziligawa vibali karibu vyote bure, zikitegemea makadirio badala ya vipimo vilivyohakikiwa. Aprili 2006, takwimu za kweli zilipotoka, ilionekana kwamba vibali ni vingi kuliko hewa ukaa iliyotolewa, na bei iliyokuwa karibu Euro 30 ikaporomoka kwa nusu katika siku chache. Kwa kuwa vibali hivyo havikuruhusiwa kuvuka kwenda kipindi kilichoanza mwaka 2008, kufikia mwisho wa mwaka 2007 vilikuwa vinauzwa kwa senti. Marekebisho yalichukua miaka mingi: mnada ukachukua nafasi ya sehemu kubwa ya mgao wa bure kuanzia mwaka 2013, hifadhi ya kuondoa vibali vya ziada sokoni ikaanza kazi mwaka 2019, na Februari 2023 bei ikagusa Euro 100. Asiyerejesha vibali hutozwa faini ya Euro 100 kwa tani, inayopandishwa kufuata mfumuko wa bei, na bado hudaiwa vibali vyenyewe. Ninawaomba msome historia hii polepole, kwani inaonyesha kwamba bei ilifuata hesabu na ukali wa ukomo.

Upande wa hati, mfano ambao haupaswi kumpita mgeni yeyote ni wa gesi ya HFC-23. Gesi hii ni takataka inayotoka wakati wa kutengeneza gesi nyingine ya majokofu, na chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa awali wa mataifa wa kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, tani moja yake ilihesabiwa sawa na tani 11,700 za hewa ukaa. Kwa hiyo kiwanda kilichoteketeza tani moja kilipata hati 11,700. Gharama ya kuiteketeza ilikuwa chini ya Euro moja kwa kila hati, ilhali hati iliuzwa kwa Euro 10 au zaidi. Viwanda vichache, vingi vikiwa China na India, vikajikuta takataka ina thamani kuliko bidhaa, na mwenye kiwanda cha namna hiyo ana sababu gani ya kupunguza takataka? Umoja wa Ulaya uliacha kuzikubali hati hizo kuanzia Mei 2013. Kisha, Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali na kuongeza gesi za jamii hiyo katika Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na kuteketeza HFC-23 kukawa wajibu badala ya biashara. Ninaamini hiyo ndiyo njia iliyopaswa kuchukuliwa tangu mwanzo, kwa sababu kazi rahisi hivyo ingelipiwa gharama yake tu ikaisha.

Kuhusu mikataba yenyewe, kumbuka kwamba hakuna serikali ya dunia ya kumtoza faini taifa linalodandia juhudi za wenzake. Marekani haikuridhia Itifaki ya Kyoto, na Kanada ilitangaza kujitoa mwaka 2011. Itifaki ya Montreal ilifaulu zaidi kwa kuwa iliweka mipaka ya biashara na wasio wanachama, na pia mfuko wa kuzisaidia nchi maskini. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, ambao nao ni wa tabianchi, uliacha kila nchi ijipangie ahadi yake ya kupunguza hewa ukaa.

Hapo ndipo kazi yenu, ninyi mnaoanzia Dar es Salaam au Nairobi, inapokuwa nyeti. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kenya ilirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023 ikitaka jamii zipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi. Wengi huishia kwenye mgawanyo huo. Someni pia Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris: nchi ikiiuzia nchi nyingine tani ili mnunuzi atimize ahadi yake, muuzaji hulazimika kuirudisha tani hiyo kwenye hesabu ya hewa ukaa aliyoitoa yeye mwenyewe, ili upunguzaji huo usihesabiwe mara mbili. Maana yake ni kwamba tukiuza leo tani zile za gharama ndogo, ahadi yetu wenyewe itabaki kutimizwa kwa zile za gharama kubwa. Kwa hiyo mnunuzi anapoleta bei, andikeni kando yake gharama ya tani ambayo nchi italazimika kuipunguza badala ya ile iliyouzwa. Iwapo bei aliyoleta ni ndogo kuliko gharama hiyo, mwambieni waziwazi mkuu wenu, kwa maandishi, kabla ya mkataba kusainiwa.