Wiki moja Georgia ya Kaukazi: Gudauri, Bakuriani au Mestia?

Mkuu, umesema mna wiki moja ya Februari, mko wanne, wawili hawajawahi kuvaa skii, na mmepanga kuteleza kwenye theluji Gudauri, Bakuriani na Mestia zote kwa mkupuo. Punguzeni. Georgia ni ndogo kwenye ramani, ila barabara zake za milimani zitakula siku mlizozilipia. Kwa kundi lenu ningekaa Bakuriani, halafu kama kuna siku ya ziada ndiyo mfikirie kwingine.

Gudauri ndiyo inayosifiwa zaidi, na sifa hizo ni za haki. Iko kama kilomita 120 kaskazini mwa Tbilisi, mji mkuu, kwenye barabara ya malori yanayokwenda Urusi. Hoteli ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na lifti ya juu (lifti hapa ni viti au vibanda vya kamba vinavyowapandisha watu mlimani) inapita mita 3,200. Miteremko ni mipana na mirefu, na tangu 2019 kuna gondola, vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba, inayovuka mlima hadi kijiji cha Kobi. Ambacho matangazo hayasemi ni kwamba hakuna miti. Wingu likitua, mbele kweupe, chini kweupe, hujui ardhi inaanzia wapi. Nimeona watu wazima wanapata kizunguzungu wakiwa wamesimama tu. Upepo ukizidi, lifti za juu ndizo zinazofungwa mapema, na wote mnabanana kwenye miteremko ya chini. Siku za namna hiyo mimi nilikuwa nateremka zangu Tbilisi kuoga kwenye mabafu ya maji ya salfa ya mtaa wa Abanotubani. Si hasara, lakini hukununua tiketi ya ndege kwa ajili ya kuoga. Jambo jingine: sehemu kubwa ya mlima inatazama kusini, kwa hiyo siku za jua theluji huganda usiku na kulainika mchana kama uji. Anayejifunza asikimbilie mteremko alfajiri.

Bakuriani iko chini zaidi, karibu mita 1,700, ndani ya msitu. Huo msitu ndio sababu ya mimi kuwashauri hivyo. Theluji inapoanguka, miti inakupa kitu cha kutazama na inakata upepo, hivyo mwanafunzi hapotezi siku. Wazoefu nao hawatalala njaa: Didveli, mlima wa hapo, ina miteremko mikali ya kutosha, na mashindano ya dunia ya fristaili (skii za kuruka na michezo) na snowboard (ubao mmoja wa kutelezea) ya 2023 yalifanyika hapo hapo Bakuriani. Wakiimaliza mapema, watavumilia.

Mestia ni habari nyingine kabisa. Kuna kituo cha Hatsvali, kidogo, chenye miti, ukiutazama mlima Ushba wenye mita 4,710. Na kuna kingine, Tetnuldi, iliyofunguliwa 2016, lifti zake zikipita mita 3,100, foleni hakuna. Ukiniuliza ninapopapenda mimi, ni hapo, pamoja na ile minara ya mawe ya Wasvani, wenyeji wa huko, kijijini. Lakini ndege ndogo ya kwenda huko huahirishwa kila hewa inapochafuka, na njia nyingine ni treni hadi Zugdidi, kisha marshrutka, vile vibasi vyao, kwa saa kadhaa za kona. Kwa wiki moja, ama mkae huko tu ama msiende.

Wale wawili wazoefu wakitaka kutoka nje ya njia zilizotengenezwa, popote pale, waajiri mwongoza milima na kila mmoja awe na kifaa cha kutafutia waliofukiwa, koleo na fimbo ya kupimia theluji. Bima pia wasome vizuri, maana nyingi zinaishia pale njia inapoishia.

Goderdzi, kituo kingine ulichokitaja mwishoni, hupata theluji nyingi sana kwa sababu ya Bahari Nyeusi, ila iko upande wa Batumi. Mnatua Tbilisi, iacheni.