Mbwa jike anayevuja mkojo tangu utotoni

SWALI: Daktari, mbwa wangu jike ana miezi 5, ni mchanganyiko wa Labrador. Tangu nimlete nyumbani anavuja mkojo. Akilala, gunia lake linalowa. Manyoya chini ya mkia yamekuwa ya manjano na ngozi imebabuka. Lakini pia anachuchumaa na kukojoa kama wengine. Amepigwa sindano za antibiotiki mara tatu bila nafuu. Jirani anasema nimfunge kizazi, itakoma. – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Usimfunge kizazi kwa sababu hiyo, mama. Chanzo hakitaguswa, na majike wengine wakishafungwa, msuli unaobana mkojo hulegea zaidi.

Tunashuku mrija uliokosea njia. Kila figo ina mrija wake wa kupeleka mkojo kwenye kibofu. Katika kasoro hii ya kuzaliwa, mrija hulipita tundu lake na kwenda kufungukia kwenye njia ya mkojo au ukeni, ng'ambo ya msuli unaobana. Mkojo wa figo hiyo unatiririka tu. Mrija wa pili ukiwa mzima, kibofu kinajaa, ndiyo maana bado anachuchumaa.

Kabla ya sindano ya nne, mkojo uvutwe kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni na uoteshwe maabara, kuona kama kuna vijidudu. Apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kisha figo zote mbili kwa ekografi: mrija ulioziba huvimbisha figo. Inafuata eksirei ya dawa ya iodini mshipani, miligramu 400 hadi 800 za iodini kwa kilo, na picha za dakika ya 5, 20 na 40. Mbwa aliyekaukiwa maji asichomwe dawa hiyo, inaumiza figo.

Kwa mbwa, mara nyingi mrija huingia ukutani mwa kibofu mahali pake, ila unaendelea kutambaa ndani ya ukuta. Tiba ni upasuaji: daktari akifungua kibofu upande wa tumbo, anauona kama uzi ulioinuka chini ya utando. Anaupasua milimita 3 hadi 5, anashona kingo zake na utando wa kibofu kwa nyuzi zinazoyeyuka namba 5-0 au 6-0, kisha anafunga kipande kilichobaki chini. Kipande hicho kikifunguka tena, uvujaji unarudi. Mrija uliopita nje kabisa hukatwa na kupandikizwa upya kibofuni. Figo iliyokufa hutolewa, mradi ya pili inafanya kazi vizuri.

Baada ya hapo, mkojo wenye damu kidogo kwa siku chache si tatizo. Asipokojoa kabisa, au akitapika na tumbo kujaa, mrudishe siku hiyohiyo: mshono umevimba na kuziba, au unavuja tumboni.

Wengi hubaki na uvujaji kiasi, kwa kuwa msuli wenyewe nao huzaliwa dhaifu. Hao husaidiwa na fenilpropanolamini, dawa ya kukaza msuli huo, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, mara 2 au 3 kwa siku, shinikizo la damu likipimwa.

Anza kuulizia kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kwa sasa punguza manyoya ya nyuma, muoshe kwa maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, mkaushe vizuri, umpake vaselini. Na maji ya kunywa usimpunguzie kamwe.